Disgaea: maliza stori kwanza, leveli 9999 itakusubiri

Mwezi huu nimeulizwa mara mbili kama mtu aanze Disgaea au aachane nayo, na mara zote mbili nilijibu kwa harakaharaka tu. Sasa naandika vizuri maana hizi gemu nazipenda sana, na ya kwanza kabisa niliicheza vibaya hadi nikaikosa utamu wake.

Kwa ambaye hazijui, ni gemu za kupanga kikosi kwenye vyumba kama vya drafti, zamu yako zamu yao, zinatengenezwa na Nippon Ichi Software ya Japani, ya kwanza ilitoka 2003 kwenye PlayStation 2 na ya saba imefika kwetu 2023. Stori zote zinakaa kuzimu na ni vichekesho. Kwenye ile ya kwanza Laharl, mtoto wa mfalme, anaamka baada ya kulala miaka miwili anakuta baba yake kafa na kila pepo anajiona mfalme, alafu anatokea malaika mwanafunzi anaitwa Flonne, katumwa aje amuue mfalme ambaye ni marehemu tayari, basi anaamua kubaki hukohuko achunguze kama mapepo nao wanaweza kupenda. Na kuna Prinny, hawa vijamaa wenye umbo la ngwini ambao ndani ni roho za binadamu waliotenda dhambi, wanafanyishwa kazi kutwa kwa ujira wa kijinga na ukimbeba mmoja ukamrusha analipuka.

Utani wao una akili, hapo ndio siwezi kuwanyima sifa. Wanachukua kitu unachokijua wanakigeuza kichwa chini miguu juu alafu wanakaa nacho hadi mwisho bila kukiacha. Kwenye ya tatu kuna shule ya mapepo ambapo mwanafunzi bora ni yule asiyeingia darasani, na binti mmoja anaitwa Raspberyl anafanya homuweki, anawahi vipindi, anajitolea, na kwa sababu hiyo yeye ndiye mtukutu wa shule. Ya nne ndio inanigusa zaidi, Valvatorez ni vampaya aliyeahidi kutokunywa damu, nguvu zote zimemwisha, anaishi kwa kula sadini na kufundisha hao Prinny, na kila anayehitimu amemuahidi sadini moja. Sasa serikali ya kuzimu inawachukua wanafunzi wake kabla hajawapa, na jamaa anaingia vitani na serikali nzima kwa ajili ya sadini. Unaanza unacheka, baadaye unaona kabisa huyu mtu hana mchezo, ahadi kwake ni deni kwelikweli, na mi nikajikuta namheshimu kuliko mashujaa kibao wa gemu za kununa.

Tatizo linaanzia kwenye namba. Leveli zinaenda hadi 9999, wakati stori yenyewe ukiwa karibu na 90 unaimaliza vizuri tu. Alafu kuna Item World, yaani kila kitu ulichonacho, upanga, kiatu, hata pipi ya kuongeza nguvu, kina dunia ndani yake, unaingia unashuka ghorofa kwa ghorofa na kitu kinazidi kuwa kikali. Kitu cha kawaida kina ghorofa 30, cha hadhi ya juu kabisa kina 100, na mlango wa kutokea unaupata kila baada ya 10. Mi niliingia na upanga mmoja nikiwa bado mwanzoni mwa stori nikakaa huko karibu mwezi mzima, kila nikirudi kutoka kazini nashuka ghorofa kadhaa nalala, na siku moja nikiwa ya 28 umeme ukakatika, kila kitu nilichofanya jioni ile kikaenda. Ila hiyo haikuniuma kama siku niliyorudi kwenye stori, nikakuta maadui wanakufa kwa pigo moja na sikumbuki tena Flonne alikuwa anatafuta nini. Utani ukiurukia katikati baada ya mwezi haukuchekeshi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo, ukikwama kwenye ramani moja rudia ramani ya nyuma mara mbili tatu, pandisha leveli kidogo, endelea. Leveli 9999 na Item World ziache hadi stori iishe, hazikimbii. Na kwenye ile ya kwanza kuwa makini sana na mashambulizi makubwa yanayopiga vyumba vingi kwa pamoja, maana ukimuua mwenzako wa kikosini hata mmoja, hata kwa bahati mbaya, mwisho mzuri wa stori umeukosa na gemu haikuambii. Mi niliua mmoja mapema kabisa na nikaja kujua nimeshamaliza! Hiyo kwangu ni kasoro ya wazi, sio ugumu.

Ya sita, ya 2021, walijaribu kutibu huu ugonjwa kwa kuweka gemu ijicheze yenyewe, na leveli wakazipandisha hadi 99,999,999. Nikawa naiacha inapigana nalala, asubuhi nakuta nimekuwa mkubwa bila kujua nimekuaje. Silaha hazina tena mbinu zake, aina za wapiganaji zimepungua, na zile picha zao nzuri za kuchora wamezibadilisha kuwa za 3D ambazo kwenye Switch, kifaa cha gemu cha Nintendo, zilikuwa nzito kinoma. Ya saba wamerudi 9999 na kujicheza kunakula mafuta ambayo yana kikomo, nikashukuru.

Ukitaka kupigana kwa raha anza na ya tano, mfumo wake ndio umenyooka kuliko zote hata kama stori ya kisasi ni ya kawaida. Ukitaka kucheka na kupata uchungu kidogo anza na ya kwanza, na kama umeme kwenu ni wa kubahatisha chukua ya kwenye kifaa cha mkononi. Utafika usiku wa mwezi mwekundu ambapo Prinny wanapewa nafasi ya kuzaliwa upya. Hapo usiruke mazungumzo hata mstari mmoja.