Ukijitengenezea friji ya bia, anza na ubaridi wa mnara

Glasi ya kwanza niliyomimina kwenye mnara wangu, yaani ile nguzo inayosimama juu ya friji na kubeba mabomba ya kumiminia bia, ilijaa povu robo tatu. Mnara ule nilikuwa nimeufanyia kazi Jumamosi sita mfululizo: mbao za mwaloni nilizozipiga randa mwenyewe, vanishi tabaka nne, na mabomba mawili ya chuma kisichoshika kutu. Mjomba wangu alikuwa amekuja kutoka Moshi kututembelea hapa Minnesota, Marekani, na yeye ndiye niliyempa glasi ile ya ufunguzi.

"Mjomba, subiri kidogo, litashuka."

"Nasubiri, mwanangu. Lakini pombe ikitoa povu namna hii, kuna kitu kinaisumbua njiani."

Mjomba amekunywa mbege tangu ujana wake na hajawahi kugusa regulata ya gesi, kile kifaa cha kurekebisha presha, ila neno lake la "njiani" ndilo lililonipa jibu. Bia haikuwa na tatizo ndani ya kegi, yaani pipa lake la chuma. Ilikuwa inasumbuliwa njiani.

Usiku ule nilichukua kipimajoto chenye waya mrefu. Bia ndani ya kegi ilikuwa nyuzi 3 za Selsiasi. Nikaupitisha waya juu ndani ya mnara hadi pale mpira wa kupitishia bia unapoungana na bomba, nikasoma nyuzi 19. Hapo nikaelewa kwamba nilijenga kabati zuri la kupasha bia moto.

Gesi ya kaboni dioksidi hukaa ndani ya bia kwa utulivu bia ikiwa baridi. Ikipata joto hutoka, na kutoka kwake ndiko povu lenyewe. Mpira wa bia wenye tundu la milimita 5 hivi, ukipanda sentimita 60 ndani ya mnara, unabeba bia ya vijiko viwili vya chai na kidogo. Vijiko viwili na kidogo tu! Lakini bia hiyo imekaa kwenye joto tangu glasi ya mwisho, na mpira na chuma cha bomba vimepata joto pamoja nayo. Ukifungua, bia baridi inayopanda nyuma yake inakutana na kuta za joto, nayo inaachia gesi yake. Ndiyo maana glasi ya kwanza huwa povu tupu, ya pili ina nafuu, ya tatu safi kabisa.

Shika alama hiyo vizuri, maana ingeniokolea wiki nzima ya kufungua na kufunga kwa spana. Glasi ya kwanza peke yake ikiharibika, lawama ni ya mnara. Glasi zote zikiharibika, tazama presha ya gesi inayosukuma bia, urefu wa mpira au joto la kegi. Mimi nilianza kwa kushusha presha, na nilichopata ni bia iliyopungukiwa gesi baada ya siku chache huku povu la glasi ya kwanza likibaki palepale.

Dawa ya mnara ni feni. Nilichukua feni ya kompyuta ya volti 12, nikaitobolea nafasi kwenye mfuniko wa kopo la plastiki la jikoni, na upande wa pili wa kopo nikachomeka bomba laini la plastiki lenye upana wa milimita 38. Kopo linakaa chini kabisa ndani ya friji, kwa kuwa hewa baridi hutuama chini, na bomba linapanda ndani ya mnara hadi usawa wa mabomba ya bia. Umeme wake unatoka kwenye adapta ya zamani ya ruta. Jambo ambalo wengi hukosea, nami nilikosea, ni kujaza sponji ya kuzuia joto mnara mzima. Hewa inayopanda lazima ipate njia ya kurudi chini, la sivyo feni inasukuma ukuta. Kwa hiyo ndani ya mbao weka bomba la plastiki la inchi 3, zungushia sponji nje yake, na ndani yake acha nafasi ya mipira ya bia, bomba la hewa, na hewa inayorudi. Baada ya saa mbili kipimajoto kilisoma nyuzi 5 pale juu. Mjomba alijimiminia mwenyewe jioni hiyo: povu la vidole viwili, na chini yake bia angavu ya dhahabu. Hakusema kitu, akaongeza ya pili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayechora mnara wake ni huu: chora kwanza njia ya hewa, halafu ndiyo uchague mbao. Mnara mwembamba unapendeza machoni lakini hauna pa kupitisha feni. Na kama ni wa mbao, paka vanishi ndani pia, si nje tu. Mnara ukishakuwa baridi utatoa jasho, na mbao tupu itavimba na kupasuka kwenye maungio. Kwenye mabomba usibane matumizi. Yale ya shaba yaliyopakwa kromu huchubuka baada ya muda, na bia ina asidi. Nunua ya chuma kisichoshika kutu, na yawe ya aina inayoziba mbele, karibu na mdomo. Yanayoziba nyuma huacha bia ndani ya shingo, inakauka na kuwa gundi, na kesho yake mpini haufunguki.

Kuhusu friji nitasema machache. Yangu ni fupi, ya mlango mmoja, inachukua kegi mbili za lita 19, zile ndefu nyembamba ambazo kampuni za soda zilikuwa zikitumia zamani. Kegi moja ina urefu wa sentimita 63 hivi na upana wa sentimita 22. Usiamini vipimo vya tangazo la muuzaji. Kata maboksi kwa vipimo hivyo, nenda nayo dukani, yaweke ndani ya friji, funga mlango. Kegi mbili ndizo ninazohitaji, kwani bia yote ninapika mwenyewe. Sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inairuhusu nyumba yenye watu wazima wawili kutengeneza hadi galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757, mradi isiuzwe, na majimbo nayo yana kanuni zake.

Kutoboa tundu la mnara juu ya friji ndiyo hatua iliyonitoa jasho. Ndani ya kuta za friji kuna mirija ya gesi ya kupozea, na friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya isobutani, ambayo inawaka moto. Ukiitoboa, umepoteza friji, na cheche ya drili inaweza kukugharimu zaidi ya hapo. Changanya wanga wa mahindi na vodka kidogo uwe uji mwepesi, paka juu ya friji, halafu washa kompresa. Pale mrija wa moto unapopita patakauka upesi kuliko pengine, na utaona mstari mweupe ukijichora. Weka alama kwa kalamu. Mimi hata baada ya hapo nilikata bati la juu peke yake kwanza, nikachimba sponji ya ndani kwa kidole na bisibisi butu hadi nikahakikisha hakuna mrija, ndipo nikamalizia tundu. Ilinichukua saa nzima, na ningerudia ningefanya vilevile.

Presha na mpira huenda pamoja. Kwa bia ya nyuzi 3 au 4, psi (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) 11 hadi 12 zinatosha bia za kawaida. Acha kegi kwenye presha hiyo wiki moja na nusu au mbili, usiitikise ili kuharakisha, maana ukizidisha gesi kuitoa ni kazi. Mpira uwe mita 3 au zaidi kidogo. Najua unaonekana mrefu mno kwa safari ya mita moja, lakini msuguano wa ndani yake ndio unaopunguza kasi ya bia kabla haijafika mdomoni. Uviringishe juu ya kegi na uufunge kwa kamba. Usiukate upendeze.

Mtungi wa gesi usimame wima daima. Ukilala, gesi iliyo katika hali ya maji huingia kwenye regulata na kuiharibu. Kati ya mtungi na regulata kuna washa ndogo ya plastiki, kile kipete cha kuziba kiungo. Niliisahau mara moja, nikakaza kwa nguvu zote nikidhani inatosha, na asubuhi mtungi ulikuwa mtupu. Siku hizi kila kiungo ninachokaza nakipaka maji ya sabuni na kukitazama dakika mbili. Hasara ya pesa ni ndogo kuliko hatari yenyewe: gesi hii haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na ikivuja kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha inaweza kumuua mtu. Mimi nimeweka king'ora cha gesi hiyo ukutani, usawa wa goti.

Mipira naisafisha kila baada ya wiki mbili kwa dawa ya kusafishia mifumo ya bia, kisha maji mengi, hata kama kegi haijaisha. Bia ikianza kunukia siagi au siki, usiyalaumu mapishi kabla hujafungua bomba na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wake. Kikitoka na utelezi wa kahawia, mzizi wa harufu ni huo. Na mara moja kwa mwaka naing'oa mipira yote na kuweka mipya.