Safari ya ndege ya muda wa saa sita: je, swala inapunguzwa?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nilimpeleka mama, mzaliwa wa Kilwa, kutibiwa Mumbai. Ndege iliondoka Dar saa tisa alasiri. Adhuhuri na alasiri nilizikusanya na kuzipunguza, rakaa nne zikawa mbili, pale pale uwanjani. Kule tulikaa siku 11, kila siku daktari akisema subirini majibu, kesho mtaruhusiwa, nami nikawa napunguza. Siku ya 11 mama akafariki. Kaka yangu anasema saa sita za kukaa kwenye kiti laini si safari, nirudie swala zote, na kwamba dua zangu hazikupokelewa kwa sababu ya hizo swala za nusu. Silali usiku.

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Allah amrehemu mama. Swali lako nimelitanguliza mbele ya mengine kwa sababu ya hilo neno la mwisho.

Kaka yako anapima safari kwa saa. Sheria inapima kwa masafa: marhala mbili, kilomita 80 na ushei. Dar mpaka Mumbai ni kama kilomita 4,700. Ikiwa raha ya kiti inafuta ruhusa, basi aendaye Morogoro kwa basi ni msafiri, na mwenzake wa treni ya SGR, aliyefika mapema na kanzu haina hata kunyanzi, si msafiri. Mji ule ule! Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameandika katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mwenye kuyakata masafa hayo kwa saa moja atapunguza. Saa moja. Wewe umekwenda sita.

Watasema ruhusa imekuja kwa ajili ya mashaka ya njiani. Mashaka ni hekima yake, si sharti lake. Aya ya 101 ya Suratun Nisaa, inayoruhusu kupunguza, imetaja hofu ya makafiri; Ya'la bin Umayya akamuuliza Umar, mbona sasa watu wako salama? Umar akasema hata yeye lilimshangaza, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akajibu: "Ni sadaka aliyokupeni Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni sadaka yake." Hadithi hii kaipokea Imam Muslim. Hofu iliondoka, sadaka ikabaki. Kaka yako nani amemtuma akairudishe?

Siku za Mumbai hazina tatizo. Anayengoja haja anayoitarajia kuisha wakati wowote hupunguza mpaka siku 18 katika madhehebu yetu ya Shafi. Usirudie hata moja.

Ila zile mbili za uwanjani, zirudie, rakaa nne nne. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, nyumba za watu zimeuzunguka. Hujatoka mjini, hujawa msafiri. Wengi huteleza hapa, hata mahujaji: akishakabidhi begi tu anajiona kafika.

Ama lile neno la dua, limeniudhi. Umri wa mama ulikuwa umeandikwa kabla hujakata tiketi. Lakini kaka naye kafiwa, tena hakuwepo kitandani kwake, na mwenye uchungu hutafuta wa kumlaumu. Usimtumie jibu hili kwenye simu kama hati ya mahakama. Mwendee nyumbani, kaeni, mwombeeni mama pamoja, kisha msimulie hili: mtu mmoja mzaliwa wa Madina alifia Madina. Mtume (s.a.w.) akamswalia, akasema laiti angefia pasipo alikozaliwa. Wakamuuliza kwa nini. Akasema mtu akifia pasipo alikozaliwa, hupimiwa Peponi kuanzia alikozaliwa mpaka zilipokomea nyayo zake. Wameipokea Nasai na Ibn Majah.

Basi pimeni wenyewe, kutoka Kilwa.