Maji ya chumvi ya tanki la samaki: usimwage mtaroni wala kwenye miti, mimi nimeshaua mpapai wa watu

Mkuu umesema una tanki la lita 150 la samaki wa baharini hapo Kigamboni, kila wiki unapunguza maji unaweka mapya, na yale ya zamani unayamwaga kwenye mtaro wa barabarani maana ni maji ya bahari tu. Alafu kuna ndugu kakushauri umwagilie miti. Naomba wote wawili mnisikilize kidogo, hili jambo limenipata.

Nilipoanza nilikua nimepanga Mbezi Beach, nyumba ya uani, tanki langu la lita 200. Kila Jumamosi natoa lita 30, yani dumu moja na nusu, namwaga nyuma pale kwenye kona ya ukuta kwasababu ndo palikua karibu na mlango wa jikoni. Hapo kona kulikua na mpapai wa mama mwenye nyumba, unazaa vizuri tu, na mbele yake tuta la mchicha. Mwezi wa kwanza hamna kitu. Mwezi wa pili majani ya chini ya mpapai yakaanza kuungua, ncha inakua kahawia kama imepitiwa na moto alafu ule ukahawia unaingia ndani taratibu huku katikati bado kijani. Mama akajua ni kiangazi akawa anaumwagia ndoo nzima kila jioni, mi namwona na sijaelewa bado kwamba ni mimi. Mchicha nao ukadumaa. Asubuhi moja jua limeshapanda nikaona udongo una utando mweupe, nikaukwangua kwa ukucha nikaonja, chumvi tupu. Na udongo wenyewe umeshikana mgumu, ukimwaga maji yanasimama juu hayataki kuzama.

Sasa piga hesabu na mimi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Lita 30 ni kilo moja na ushee kila wiki, kwa mwaka inapita kilo 50. Gunia zima la chumvi! Ukiliona gunia huwezi kulimwaga chini ya mti wa mtu, ila kwakua imeyeyuka kwenye ndoo haionekani basi tunaona ni maji. Na chumvi haikauki ikaisha, maji yanapanda na jua yenyewe inabaki palepale, wiki ijayo unaongeza nyingine juu yake. Mti unakufa kiu huku mizizi imelowa, maana udongo ukishakua na chumvi nyingi mizizi inashindwa kuvuta maji.

Nilimwambia mama ukweli. Akaniangalia akasema "mwanangu, si ungeuliza?" basi, hakuongeza neno, na hilo ndo liliniuma zaidi. Nikanunua maji ya boza la mtaani nikawa nafurikisha pale kila siku kusukuma chumvi ishuke chini, mpapai haukupona, tuta la mchicha lilirudi baada ya masika kunyesha vizuri. Mnazi uliokua mita chache pembeni haukushtuka hata kidogo, minazi inavumilia, ndo maana imejaa ufukweni. Kwaiyo anayekwambia mbona mnazi wangu ni mzima yuko sahihi kwa mnazi wake tu, usipeleke hayo maji kwenye mwembe, mgomba, parachichi au bustani. Na kama una kisima kwenye kiwanja ndo kabisa usimwage chini, visima vya pwani tayari vinasumbuliwa na chumvi ya bahari inayopenya, tusiiongezee ya juu.

Njia ninayotumia mpaka leo ni choo. Namwaga kwenye sinki la choo la kuflashi, nusu ndoo kila mtu anapotoka haja, na inaokoa maji ya bomba pia. Najua utauliza vipi shimo la choo, chumvi si itaua bakteria wanaoozesha uchafu? Kwa lita 30 zilizogawanywa siku mbili tatu zikichanganyika na maji ya kuoga na kufua ya familia nzima sijaona tatizo, ila usimwage tanki zima kwa mpigo. Hong Kong wanaflashia vyoo kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950, jiji zima karibu, ila wana mabomba yao maalum kwasababu chumvi inakula chuma. Hapo na wewe angalia, kama nyumba ni ya zamani ina bomba za chuma, mwaga alafu fuatisha ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Mfuniko wa chemba wa chuma pia usiumwagie hayo maji.

Sasa huo mtaro. Mtaro wa barabarani hauendi kwenye shimo la majitaka, unaenda mtoni au moja kwa moja baharini. Na maji yaliyotoka baharini sio yaleyale unayoyarudisha. Samaki wakipata madoa meupe wengi tunatibu kwa dawa ya shaba, wengine wanatumia mrututu wenyewe (ile chumvi ya bluu ya shaba), na shaba kidogo sana inatosha kuua konokono, kamba na matumbawe. Maji ya tanki la matibabu yasiguse bahari kabisa.

Kingine ni viumbe. Mwaka 1984 pale Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari, kilionekana kipande cha mwani wa kwenye matanki ya samaki unaitwa Caulerpa taxifolia, ukubwa wa kama mita moja ya mraba. Baadae ukatanda maelfu ya hekta za Mediterania. Mwaka 2000 ukaonekana California, wakaufunika na maturubai wakapiga klorini chini yake, mpaka 2006 ndo wakatangaza umeisha, na gharama ilipita dola milioni 7. Na huo mwani kwenye maji ya joto kama ya kwetu ni wa asili, hausumbui mtu! Kwaiyo fikiria kinyume chake, yale mawe na matumbawe ya kuagiza nje unayonunua dukani yamebeba nini ambacho bahari yetu haikijui. Kipande cha mwani cha sentimita chache kinatosha kuota upya.

Mimi maji nayachuja kwanza kwa kitambaa cha kanga ya zamani, mabaki naanika juani hadi yakauke kabisa ndo yanaenda kwenye taka. Kama kulikua na ugonjwa naweka Jik kwenye ndoo, inakaa nje wazi siku nzima, kesho yake chooni, na siku hiyo sitii dawa nyingine ya kusafishia choo maana Jik na asidi vinatoa hewa ya sumu.

Na ikitokea unavunja tanki mkuu, samaki usiende kuwaachia hapo ufukweni hata kama wanafanana na wa kwetu, warudishe dukani au mpe mfugaji mwenzio. Maji yatoe dumu mojamoja, lita 150 ndani ya wiki mbili yanakua yameisha.