Kabla Hujaitupa Laptopu Yako, Ifungue

Juzi mwalimu mmoja wa Kasulu kaniandikia ujumbe, na amekubali niuweke hapa: "Dada, laptopu yangu imechoka. Asubuhi nikiiwasha naenda kuoga, nikirudi bado inazungusha kale kaduara. Fundi anasema niiuze laki na nusu, niongeze hela nichukue mpya. Nifanyeje?"

Mwalimu, usiuze. Na wewe unayesoma hapa najua umo mulemule, maana wengi wetu tunaoishi kwa kompyuta huku, awe mwenye steshenari, mwanachuo, mhasibu wa SACCOS au karani wa kanisa, tunatumia mashine zilizokwisha kufanya kazi Ulaya kabla ya kufika Kariakoo. Mimi niliambiwa maneno kama hayo, tena mabaya zaidi, na laptopu niliyoambiwa niitupe ndiyo ninayoiandikia makala hii.

Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mashine yangu ni HP EliteBook 840 G1, prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5 ya kizazi cha nne. Niliinunua mtumba ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na hadidiski, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, ya GB 500, na mwanzoni tulielewana vizuri. Kisha ikaanza kuwa nzito. Kufungua Word ikawa kazi ya kusubiri. Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa unapauka, juu yake panaandikwa kwamba programu haiitikii, na wewe unabaki umeweka mikono mapajani mbele ya mteja.

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ndio ulionivua nguo. Wenye ofisi kama yangu mnaujua msimu ule. Vijana wanatoka Ujiji, Gungu, Katubuka, wengine wamekuja na treni kutoka Uvinza, na kila mmoja ana bahasha yake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, vyeti vya shule, fomu yenye mhuri wa serikali ya mtaa, picha ya pasipoti. Kila karatasi iskaniwe, ipunguzwe ukubwa, ipandishwe kwenye mfumo. Na mfumo ukikaa muda bila kuguswa unakutoa nje, unaanza upya. Sasa skana inamaliza kazi yake, na mashine yangu ndiyo kwanza inatafuta pa kuliweka faili. Mama mmoja wa Kibirizi, muuza dagaa, alikuwa amemleta binti yake. Walikaa kwenye benchi mpaka mama akatoka nje kuangalia jua, akarudi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mashine yako inaumwa?" Halafu wakachukua bahasha yao wakavuka barabara kwa jirani yangu. Sikuwalaumu. Binti ana maisha yake yanamsubiri.

Kesho yake nikaibeba mashine hadi duka moja la kompyuta, sitalitaja. Kijana wa kaunta hakuifungua. Hata kuiwasha hakuiwasha. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akagonga mfuniko kwa ukucha, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Mama, hii wapelekee wa vyuma chakavu." Waliokuwepo wakacheka. Kisha akanisogezea laptopu mpya, nyembamba, rangi ya fedha, laki saba na ushee. Nikasoma kibandiko chake: prosesa Celeron, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Nilikuwa najua kidogo, na kidogo hicho kiliniokoa. Celeron za bei ile zina nguvu ndogo kuliko hiyo Core i5 ya zamani aliyoigonga kwa ukucha. Alitaka nimpe laki saba ili anishushe daraja! Nimesamehe, ila kicheko kile sijakisahau, na ndiyo maana leo naandika kwa urefu.

Nikarudi ofisini nikafanya jambo ambalo kijana yule alipaswa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo hufunguka Task Manager, na humo utaona kila kiungo cha kompyuta kimebeba mzigo kiasi gani. Yangu ilionyesha prosesa asilimia kumi na kitu, yaani imekaa tu. RAM ilikuwa imejaa robo tatu. Diski ilikuwa asilimia 100, na haikushuka. Nikafunga Chrome, ikabaki 100. Nikafunga kila kitu, ikabaki 100.

Sababu yake ni hii. Ndani ya hadidiski kuna sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba unaosoma. Ukiiomba faili moja kubwa lililopangika, inakupa MB 100 hivi kwa sekunde bila shida. Lakini Windows ikiwaka haiombi faili moja. Inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande mkono sharti uhame, kisha usubiri sahani izunguke kipande kifike. Ni sawa na karani mmoja wa masijala aliyeagizwa mafaili elfu, kila moja kabati lake, na haruhusiwi kubeba mawili kwa mkupuo. Kwa mwendo huo hadidiski ya laptopu inatimiza maombi kama mia moja tu kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa inayochukua nafasi ya hadidiski, haina kinachozunguka. Data imo kwenye chipu, na maombi hayo hayo inayatimiza kwa makumi ya maelfu. Ndiyo maana unaweza kuwa na prosesa nzuri kabisa ikalala usingizi, inasubiri karani arudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, ni huo: badilisha diski. Usianze na RAM, wala usikubali kupigiwa Windows upya juu ya hadidiski ile ile, maana utafurahi wiki mbili kisha utarudi palepale na hela umeshalipa. Diski kwanza.

Niliagiza SSD ya GB 240 kutoka Kariakoo, shilingi 75,000 na nauli ya kifurushi juu, nikaipokea stendi ya Masanga ikiwa kwenye boksi dogo kuliko simu yangu. Ni ya inchi 2.5, aina ya SATA (hilo ni jina la kiunganishi chake), umbo lile lile la hadidiski ya laptopu, kwa hiyo inakaa kwenye kitanda cha ile ya zamani bila kukata wala kuchonga. Laptopu za miaka ya karibuni zinatumia kadi ndefu iitwayo M.2, na hapo uangalie sana, kwa sababu kadi hizo nyingine ni SATA na nyingine ni NVMe, zinafanana kwa macho lakini si kila mashine inazikubali zote. Soma jina la modeli ya laptopu yako, uandike kwenye karatasi, umtumie muuzaji. Na mtu akikuuzia SSD ya TB 2 kwa elfu thelathini, ondoka. Hakuna kitu kama hicho duniani.

Mtoto wa kaka yangu alikuja na bisibisi. Kwa EliteBook hii, kuufungua mfuniko wa chini unasukuma kitasa, unauteremsha, unatoka mzima. Tukatoa betri kwanza, tukagusa chuma ili umeme wa mwilini uondoke. Ndani nilitaka kulia. Vumbi letu jekundu la Kigoma lilikuwa limeshikamana na nyuzi za nguo kwenye mapezi ya kupoozea, pale hewa ya feni inapotokea, pameziba kabisa. Mashine ikipata joto, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo na hilo nalo lilikuwa linanila. Tulishika feni kwa kidole isizunguke, tukapuliza kwa blowa ndogo na kusugua kwa brashi laini ya rangi. Prosesa tukaipaka grisi mpya ya kupoozea, kiasi cha punje ya mchele. Kijana wangu alitaka kumimina. Nikamzuia.

Hadidiski inashikiliwa na skrubu chache na kiunganishi kimoja. Unaisukuma pembeni, inatoka, unarudisha SSD kwa njia ile ile. Hiyo ndiyo kazi yote watu wanayoitozea elfu hamsini. Kabla ya hapo nilikuwa nimehamisha kazi zangu zote kwenye diski ya nje, na hapo sitaki ubishi na mtu: bakapu kwanza, bisibisi baadaye. Sikunakili diski nzima kwenda nyingine, kwa sababu ya zamani ilikuwa GB 500 na mpya GB 240, na programu za bure za kunakili diski kama Clonezilla kwa kawaida hukataa kuhamishia kwenye diski ndogo. Tukapiga Windows upya. Leseni haikusumbua, maana ilikuwa imeshasajiliwa kwa ubao mama ule ule, ikajitambua yenyewe baada ya kuunganisha intaneti. Habari ya kuinstall printa na skana sitaisimulia, inachosha na kila mmoja anaijua.

Nikaiwasha. Nembo ya HP, kaduara kakazunguka kidogo, na skrini ya nywila ikafika kabla sijavuta kiti vizuri. Nikafungua Word, ikafunguka. Nikazima, nikawasha tena, kwa sababu sikuamini. Mtoto wa kaka yangu anacheka, mimi machozi yananilenga. Msimu uliofuata wa mikopo niliwahudumia vijana bila foleni kuvuka mlango, na jirani yangu mwenye mashine mpya ya rangi ya fedha alikuwa ananiletea wateja wake wenye mafaili makubwa. Nasema haya kwa fahari, sijifichi.

RAM ilifuata baadaye, na hapo jifunze kusoma kibandiko. Mashine yangu inatumia DDR3L, ile ya volti 1.35, na kibandiko chake huandikwa PC3L. Fundi mmoja akaniletea iliyoandikwa PC3 bila L, ya volti 1.5, akasema, "Dada, ni zile zile." Nikamwambia ijaribu. Skrini ikabaki nyeusi, taa ya Caps Lock ikawa inapepesa. Akairudisha mfukoni bila neno. Herufi moja, ndugu zangu! Laptopu za mbele kidogo zinatumia DDR4, na hizo hata kuingia kwenye nafasi ya DDR3 haziingii. Niliongeza GB 4 zikawa 8, na kwa Word, skana na kurasa kadhaa za Chrome zinatosha. Hakikisha tu Windows yako ni ya biti 64, maana ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukiijaza RAM mpaka juu.

Kuna faida nyingine ya SSD ambayo watu wa miji mikubwa hawaihesabu. Sisi tunabeba laptopu kwenye bodaboda. Hadidiski ikitikiswa huku sahani inazunguka, mkono unaweza kuigusa na kuikwaruza, na hapo ndipo picha za harusi na ripoti za shule zinapopotea. Mwalimu wa Kasulu, wewe unayefunga mfuniko tu bila kuzima na kuiweka mgongoni, fikiria hilo kwanza kabla ya kasi.

Sasa suala la Windows, maana utaniuliza. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yao inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha nane. Mashine zetu za kizazi cha nne hazimo. Watumiaji wa nyumbani wanaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na mimi niko humo kwa sababu kazi za wateja wangu ni Word, na LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Word, wakati mwingine inavuruga mpangilio wa majedwali. Lakini mwanachuo anayesoma, anayeandika na kuangalia video, aweke Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Ni bure, na juu ya SSD inapaa. Kung'ang'ania Windows iliyovunjwa ya mtaani, isiyo na leseni, huku unaingiza nywila za benki ni kujitafutia msiba.

Vijana, acheni kununua laptopu kwa wembamba na rangi. Na nyie mafundi, acheni kumwaibisha mteja kwa kitu ambacho hamjakifungua. Mtu anakuletea chombo kinacholisha watoto wake. Kiwashe kwanza, kitazame, halafu sema.

Kuna aina moja tu ya mashine ambayo nitakwambia uiuze bila kusita: zile ndogo zenye hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64. Hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao mama, RAM mara nyingi nayo imechomelewa, na nyingi hazina nafasi ya kuweka diski. Hapo bisibisi haina kazi. Iuze ingali inawaka, na kwa hela hiyo tafuta mtumba wa ofisini, Latitude, ThinkPad au EliteBook, hata kama imechubuka pembeni. Ila kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aigeuze, afungue mfuniko wa chini mbele yako, akuonyeshe nafasi ya diski na nafasi za RAM. Akikataa, nenda duka linalofuata.