Kebo ya msongo mkubwa imeharibika: tuchimbe wapi?

SWALI: Kebo yetu ya msongo mkubwa ina hitilafu chini ya ardhi, lakini kipimo cha mwangwi kinaonyesha mwisho wa kebo tu. Tuchimbe wapi?

JIBU: Msichimbe bado. Kifaa hicho hutuma pigo dogo la umeme na kupima muda wa kurudi kwake. Pigo likisafiri mita 170 kwa mikrosekunde, kasi ya kawaida katika kebo za kihami cha plastiki, mwangwi wa mikrosekunde 10 humaanisha mita 850, kwa kuwa njia imepitwa mara mbili. Hitilafu yenye ukinzani mkubwa, yaani inayopitisha umeme kidogo tu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo hutokea mara nyingi, hairudishi mwangwi unaoonekana, hivyo huna budi kuiripusha cheche kwa chaji ya kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) na kutuma pigo wakati cheche ingali inawaka, maana kwa kitambo hicho hitilafu huonekana kama shoti na kurudisha mwangwi.

Umbali huo ni wa kebo, si wa ardhi, na kebo hupindapinda. Fundi basi hutembea juu ya njia yake na kipokezi kinachonasa wimbi la sumaku na mshindo wa cheche; muda kati ya viwili hivyo unapokuwa mfupi kabisa, hapo ndipo pa kuchimba, kebo ikiwa imezimwa na kuunganishwa na ardhi.