Mwanangu, unaniuliza kama wewe ni msafi

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaona si wa kujibiwa kwa mistari miwili ya simu, ndiyo maana nimekaa kuandika. Unasema wewe na mchumba wako mmejitunza, kanisani mnatolewa mfano, na sasa umepangiwa kuwafundisha vijana somo la usafi. Lakini ukibaki peke yako usiku unaangalia picha za ngono, unatubu, unaapa, na siku hazipiti nyingi umerudi pale pale. Ukaniuliza: "Baba, mimi ni msafi au mnafiki? Na huyu binti nimwambie, au nisubiri tuoane yaishe yenyewe?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukugharimu zaidi. Hayaishi yenyewe. Watakutajia 1 Wakorintho 7:9, kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa, kana kwamba Paulo alikuwa anatoa dawa ya kila tamaa. Soma na Ayubu 31:1: "Nilifanya agano na macho yangu, basi nawezaje kumwangalia msichana?" Aliyesema hayo hakuwa kijana anayesubiri harusi. Alikuwa na mke, alikwisha kuzaa watoto 10, na bado aliona macho yake yanahitaji agano. Mtu aliyezoea miili isiyochoka, isiyokasirika, isiyomuuliza ameshindaje, huingia na mazoea hayo hayo kwenye ndoa, na bila kutaka huanza kumlinganisha mkewe na watu asiowajua hata majina. Mke wako hatakuwa tiba. Usimtwishe kazi hiyo.

Sasa huo usafi wenyewe. Nina ugomvi wa muda mrefu na jinsi tunavyowafundisha vijana: hujalala na mtu, wewe msafi; umelala naye, umekwisha. Kwa kipimo hicho unapita bila shida, na wewe mwenyewe unajua kuna uongo mahali. Yesu alisema atazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Na katika Marko 7, anapotaja yanayotoka moyoni na kumtia mtu unajisi, uasherati umekaa benchi moja na wivi, hila, kijicho na kiburi. Nimewaona watu waliojitunza miili yao vizuri kabisa, na kiburi chao juu ya hilo hakikaliki nacho chumba kimoja.

Kipimo hicho hicho kinawaonea wengine. Kanisa la Korintho lilikuwa na watu wenye historia nzito, na Paulo haifichi. Anaitaja orodha, waasherati na wazinzi wakiwemo, kisha anawaambia: "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa, lakini mlitakaswa." Mistari michache mbele anawaita watu hao hao hekalu la Roho Mtakatifu. Kwa hiyo usafi wa Mkristo unaanza kwa kuoshwa, si kwa kutowahi kuchafuka. Ukiwasimamia vijana siku moja, waambie hilo kwanza, kwa kuwa kati yao wapo wanaoamini wamechelewa.

Je, wewe ni mnafiki? Kuanguka na kulia si unafiki. Kupanda madhabahuni kufundisha jambo unalolificha ndiko kutakakokufanya mnafiki, na hapo bado hujafika.

Ila kuna kitu katika ujumbe wako kilichonishtua kuliko hizo picha. Kila ulipotaja toba, ulikuwa peke yako. Unaanguka chumbani taa zimezimwa, unafuta kumbukumbu za simu, unapiga magoti hapo hapo kitandani, unamwambia Mungu hutarudia, unalala. Hakuna mtu aliyewahi kujua mpaka uliponiandikia mimi. Sasa soma 1 Yohana 1:7 polepole: "Bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Nuru, ushirika na kusafishwa vimefungwa pamoja. Na Yakobo anaagiza: "Ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Sina shaka hata kidogo kwamba Mungu amekusamehe kila usiku ulipomwomba. Kuponywa ndiko ulikokukimbia, kwa sababu njia yake inapita mbele ya mtu mwingine, na hapo panaumiza.

Kwa hiyo tafuta mwanaume mmoja, mcha Mungu, aliyekuzidi umri, asiyeropoka, na anayekaa karibu nawe. Mimi niko mbali na tena ni baba yako. Utanificha baadhi ya mambo kwa kunionea haya, na mimi nitakuhurumia mahali pa kukubana. Mwambie kwa lugha ya wazi. "Nina udhaifu, niombee" si kuungama. Kila mtu ana udhaifu. Mwambie ni nini, tangu lini, na saa ngapi. Kisha mpe ruhusa ya kukuuliza siku yoyote bila kubisha hodi.

Hiyo saa usiidharau. Yule kijana wa Mithali 7 alipita karibu na pembe ya nyumba ya mwanamke mzinzi, wakati wa magharibi, giza likiingia. Daudi naye ilikuwa jioni, ameamka kitandani anatembea juu ya dari, wakati jeshi lake liko vitani. Wote wawili walikuwa na saa yao na njia yao. Ya kwako umenitajia bila kujua: usiku, umechoka, umegombana na mtu kazini, simu iko chini ya mto. Basi simu ilale sebuleni. Utaniambia unaitumia kama kengele ya kukuamsha. Nunua saa ya mezani. Yusufu aliacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa akatoka nje, hakubaki mle ndani aombee nguvu ya kushinda.

Na usitarajie akili ifutike kwa siku moja. Augustino, huyo tunayemhesabu kati ya walimu wakubwa wa kanisa, alikiri kwamba ujanani aliomba apewe usafi, ila isiwe sasa. Alibatizwa mwaka 387. Miaka kadhaa baadaye, akiwa tayari askofu, aliandika waziwazi kwamba picha za mazoea yake ya zamani bado zilimjia usingizini. Hakuzificha, wala hakuacha kumtumikia Mungu kwa sababu ya picha hizo. Picha ikikujia bila kuiita, hiyo ni vita. Ukiikaribisha na kuivutia kiti, ndipo umekubali.

Mchumba wako, ndiyo, mwambie, na iwe kabla ya harusi. Ana haki ya kumjua anayeolewa naye. Lakini anza na yule mzee, ili usiende kwake kutua mzigo tu na kumwachia yeye. Usimsimulie ulichoona, mambo hayo yatamkaa kichwani bure. Mwambie tatizo, mwambie hatua ulizokwisha kuchukua, kisha unyamaze. Akilia, mwache alie. Akitaka harusi isogezwe mbele, usimharakishe kwa sababu ya kadi na michango. Na usimpe kazi ya kukagua simu yako. Anaolewa awe mke, si askari.

Lile somo la vijana, mwambie kiongozi wako leo kwamba safari hii hutasimama, atafute mwingine. Akikuuliza sababu, sema kuna jambo unaliweka sawa na Mungu. Inatosha. Usijaribiwe kwenda kuungama kwenye kipaza sauti. Mkutano mzima si yule mtu mmoja niliyekuambia.

Ujumbe wako sijamwonyesha mama yako. Ukitaka ajue, utamwambia mwenyewe. Mimi nitakupigia Jumapili jioni, na swali langu la kwanza litakuwa kama umekwisha kuonana na huyo mzee.

Ni mimi baba yako.