Kwa mnaoanza kuruka: mwenzenu akifa kazini

Wadogo zangu mlioajiriwa kwenye helikopta za wagonjwa hapa Marekani, kuna jambo ambalo mkufunzi hulipitia haraka: mwenzenu akianguka na ndege.

Mtaitwa kwenye ibada yenye sare, bendera na zumari za Kiskoti. Opereta ataita namba ya marehemu redioni. Kimya. Ataita tena, kisha atatangaza kwamba zamu yake imekwisha. Simu zikae mfukoni. Mama mzazi yuko pale anasikiliza. Baadaye jina la marehemu laweza kuchongwa kwenye jani la shaba la mti wa kumbukumbu ya kitaifa ya wahudumu wa dharura, na familia ikapewa bendera, waridi jeupe na nishani.

Vizuri. Ila sisi tuliokulia kwenye matanga tunajua kazi huanza wageni wakishaondoka. Wenzenu wa hapa huogopa kumsumbua mjane. Nyinyi nendeni, pikeni, mtajeni marehemu mbele ya wanawe. Na msaidieni makaratasi. Mfuko wa serikali kuu wa fidia kwa wanaofia kazini ulipanuliwa hadi kwa mashirika yasiyo ya faida, lakini kwa muda mrefu umewaacha nje wa kampuni za biashara, nao wanaruka anga ileile. Linaniudhi hilo. Kabla ya kusaini mkataba ulizeni bima ya maisha ni kiasi gani, na mwandike mrithi.

Kisha someni ripoti za ajali. Usiku wa tarehe 27 Septemba 2008, helikopta Trooper 2 ya polisi wa jimbo la Maryland ilianguka ikiwa na majeruhi wawili wa ajali ya gari. Walikufa wanne, akiwamo paramediki, yaani mhudumu wa dharura. Majeruhi mmoja akapona. Mawingu yalikuwa chini kuliko rubani alivyoambiwa.

Ndiyo maana kwenye vituo vingi mmoja wenu akikataa safari, hakuna anayeruka, hata kama ni mgeni wa wiki ya kwanza. Kataeni mapema, kabla injini haijawashwa. Na rubani anapopima hali ya hewa, msimwambie mgonjwa ni nani wala ana hali gani. Akisikia ni mtoto, ukungu utaonekana mwepesi. Akishaamua, mwambieni.